Nuru na Tundu la Sindano

Nuru ni wimbi, na kila wimbi lina urefu wake. Kwa nuru tuionayo, urefu huo ni baina ya nanomita 400 na 700, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Basi ukitoboa bamba la metali kwa tundu dogo kuliko wimbi lenyewe, akili hukwambia kwamba nuru itakwama, mithili ya jahazi mbele ya tundu la sindano.

Mwaka 1944 Hans Bethe, mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliitia fikra hiyo katika hesabu. Alionyesha kwamba ukipunguza kipenyo cha tundu kwa nusu, ile sehemu ya nuru iliyoliangukia ambayo hufaulu kupenya hupungua mara 16. Hesabu ilikuwa sahihi, ila ilikuwa na sharti: ilihusu tundu moja, katika metali kamilifu isiyo na unene. Hukumu ikazoeleka, sharti likasahaulika.

Hata hivyo, ishara zilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1902, huko Baltimore, Robert Wood aliangalia nuru iliyoakisiwa na bamba la metali lililochanjwa mistari myembamba, akaona michirizi ya ghafla ya mwanga na giza isiyoelezeka. Mwaka 1957 Rufus Ritchie, naye wa Marekani, alionyesha kwamba elektroni zilizo juu ya metali huweza kutikisika kwa pamoja, kama maji yanavyopanda na kushuka kwa wimbi. Mtikisiko huo, ukiandamana na nuru, ndio uitwao plasmoni ya uso. Hauruki hewani, hutambaa juu ya ngozi ya metali.

Mwaka 1989, katika maabara ya kampuni ya NEC huko Japani, Thomas Ebbesen, mwanasayansi wa Norway, alikuta nuru ikipenya utando wa metali wenye safu za matundu madogo kwa wingi ambao nadharia haikuuruhusu. Miaka tisa ikapita. Mwaka 1998 yeye na wenziwe, wakiwamo Henri Lezec na Tineke Thio, walichapisha ushuhuda wao: kwa baadhi ya rangi, nuru iliyovuka ilizidi ile iliyoyaangukia matundu yenyewe. Hapakuwa na uchawi. Nuru iliyoangukia metali baina ya matundu nayo ilikusanywa ikavushwa, na mvushaji, walisema, ni plasmoni.

Wajuzi wa tungo hawatashangaa. Kina kimoja hakina mlio. Huwa kina pale kinaporejea, na kwa umbali uliopimwa. Vivyo hivyo, nafasi baina ya tundu na tundu ndiyo inayochagua rangi ipi ipite. Hesabu ya Bethe haikuvunjwa, kwani yeye alisema juu ya tundu moja, na wahenga walikwisha kunena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini je, plasmoni ndiyo mvushaji pekee? Mwaka 2002 Qing Cao na Philippe Lalanne waligeukia safu za myanya, yaani matundu marefu membamba mfano wa nafasi baina ya mbao za dirisha. Huko, walisema, plasmoni haisaidii bali huzuia. Nuru hupita kwa kurudirudi ndani ya mwanya, kama pumzi ndani ya zumari. Mwaka 2004 Lezec na Thio, wale wale waliotia saini ushuhuda wa 1998, walisimama kuupinga ufafanuzi wao wenyewe. Walipolinganisha na tundu moja halisi, badala ya tundu la kwenye hesabu, waliona ongezeko ni la mara chache tu, nao wakayataja mawimbi mengine ya usoni kuwa ndiyo sababu.

Suluhu ilikuja mwaka 2008. Haitao Liu na Lalanne walionyesha kwamba, kwa nuru iliyo jirani na nyekundu isiyoonekana kwa jicho, plasmoni huvusha takriban nusu ya nuru. Nusu ya pili ni ya mawimbi mengine yatambaayo pamoja nayo.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa umeshika nusu ya kweli. Na nusu hizo zisingekutana lau Lezec na Thio wangaliona haya kurudi barazani na kulipima upya neno ambalo dunia ilikwisha kuwasifia.