Safari Rally: Miaka ambayo Tanzania ilikuwa mshindani na mwenyeji

KATIKA orodha ya washindi wa mashindano ya magari ya Safari Rally, jina la Tanzania limeandikwa mara mbili, mwaka 1966 na mwaka 1967. Mara zote mbili aliyeshika usukani ni Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akisomewa ramani na mwenzake Chris Rothwell, na gari lilikuwa Peugeot 404. Tangu hapo hakuna dereva mwingine wa Tanzania aliyeyashinda, na vijana wengi wa Kinondoni na Temeke wanaoyaona kwenye televisheni huamini kuwa yamekuwa ya Kenya siku zote. Sivyo yalivyoanza.

Mashindano hayo yalibuniwa na Eric Cecil na ndugu yake Neil Vincent. Vincent hakuvutiwa na mbio za kuzunguka uwanja mmoja, mzunguko baada ya mzunguko, kama wafanyavyo waendesha pikipiki na magari ya mbio huko Ulaya. Alitaka mashindano ambayo mtu hutoka mlangoni kwake, akakata nusu ya Afrika na kurudi, na anayefika kwanza ndiye mshindi.

Safari ya kwanza ilifanyika kuanzia Mei 27 hadi Juni Mosi, 1953, ikiwa sehemu ya shamrashamra za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Washindani walianzia Nairobi, Kampala na Morogoro. Kundi la Tanganyika lilikuwa lianzie Dar es Salaam, lakini mafuriko yaliharibu barabara ya kwenda Morogoro, ikabidi mwanzo usogezwe bara. Magari hayo ya kwanza hayakupangwa katika madaraja kwa nguvu za injini bali kwa bei yake dukani, kwa kuwa lengo lilikuwa kupima magari ya kawaida ambayo mwananchi mwenye uwezo angeweza kuyanunua. Uwezo huo, bila shaka, ulikuwa wa wachache. Madereva wa miaka hiyo walikuwa karibu wote Wazungu na Waasia, na Waafrika walikuwa mafundi na watazamaji waliojipanga kandokando ya barabara.

Mwaka 1960 mashindano yalipewa jina la Safari ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapokuwa yamekolea, na hapo ndipo ugumu wake ulipokuwa. Washindani walikimbia takriban kilometa 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo nyingi zilikuwa za udongo. Kila kituo cha ukaguzi kilipangiwa saa ya kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Mshindi ni yule aliyekuwa na adhabu chache. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, naye pia kwa Peugeot 404.

Kwa upande wa Tanzania, milima ya Usambara na nyanda za Mbulu zilijulikana kwa kuwatoa jasho madereva. Mvua ikinyesha, udongo wa huko huwa utelezi mtupu, na gari lenye injini kubwa halina faida likiwa limezama hadi kwenye ekseli. Dereva alihitaji kujua mto upi hujaa haraka, wapi pana njia ya pembeni, na wakati gani wa kuacha haraka ili gari lifike. Kwa sababu hiyo, kutoka mwaka 1953 hadi 1971 hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyeshinda. Walikuja mabingwa wa Ulaya, akiwamo Erik Carlsson wa Sweden na Pat Moss wa Uingereza, mwanamke aliyeshika nafasi ya tatu mwaka 1962. Kombe lilibaki kwa wakazi wa Afrika Mashariki.

Ushindi wa Shankland unapaswa kutazamwa kwa jicho hilo. Kushinda mara moja kungeweza kuitwa bahati, hasa kwenye mashindano yanayoamuliwa na mvua. Kushinda miaka miwili mfululizo kulikuwa jambo jingine. Kabla yake waliofanya hivyo ni Vic Preston, mwaka 1954 na 1955, na Bill Fritschy, mwaka 1959 na 1960. Mwaka 1971 Shankland alimaliza wa tatu akiwa na Peugeot 504, nyuma ya Edgar Herrmann na Shekhar Mehta waliokuwa na Datsun 240Z. Gari la Peugeot, au Pijo kama lilivyoitwa mitaani, lilikuwa hilohilo lililobeba abiria na mizigo katika miji ya Afrika Mashariki, na sifa zake barabarani zilisaidia kuliuza.

Ikumbukwe kuwa haikuwapo timu ya taifa yenye sare na kocha, kama ilivyo katika soka. Kila dereva alijitegemea au alibebwa na wauza magari waliotaka jina. Alama ya nchi ilikuwa bendera iliyoandikiwa jina la dereva kwenye matokeo. Huo ulikuwa msingi dhaifu, na ulionekana baadaye.

Mwaka 1972 Dar es Salaam ilipata heshima iliyoikosa kwa sababu ya mafuriko ya 1953: Safari ilianzia jijini humo. Lakini mwaka huohuo ndipo ngome ya wenyeji ilipovunjika. Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden walishinda kwa Ford Escort, wakawa wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo. Viwanda vilikuwa vimeanza kuja na fedha na mafundi wengi, na maarifa ya njia peke yake hayakutosha tena. Mwaka uliofuata Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia uliokuwa ukianzishwa. Mshindi alikuwa Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikimbilia Kenya wakati wa utawala wa Idi Amin. Alilingana adhabu na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila adhabu.

Kuanzia mwaka 1974 jina likawa Safari Rally na njia ikabaki ndani ya Kenya. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye ramani hata kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa, mwaka 1977. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni na mafuta, na iliwahi hata kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Katika hali hiyo, hakuna muuza magari ambaye angemgharimia dereva kwenda kuharibu gari jipya kwenye tope.

Safari Rally iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Tanzania ilibaki na mashindano yake yenyewe, yaliyowahi kuhesabiwa katika ubingwa wa Afrika. Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani yaliyopita Kenya na Tanzania, na magari ya aina ileile iliyoshindana enzi za Shankland yakaonekana tena kwenye vumbi la kaskazini mwa nchi.