Jinsi shule za msingi zinavyowafunza watoto kumudu hisia zao

Watoto wawili wa Gredi ya Tatu wanagombania penseli. Mmoja anamsukuma mwenzake, wa pili anarusha ngumi, na kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni, darasa zima limeacha hesabu na kuanza kuwashangilia.

Kwa miaka mingi, jibu la tukio kama hilo lilikuwa kiboko. Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010 ikamhakikishia kila mtu haki ya kutotiwa adhabu ya viboko. Hata hivyo, marufuku humweleza mwalimu asichopaswa kufanya. Hayamwelezi afanye nini badala yake.

Pengo hilo ndilo linalokusudiwa kuzibwa na mafunzo ya stadi za kijamii na kihisia. Katika mafunzo haya, mtoto hufundishwa kwa vipindi vilivyoratibiwa, sawa na somo jingine lolote, namna ya kuitambua hasira yake, kujituliza, kumwelewa mwenzake na kutafuta suluhu bila vita.

Chimbuko

Mwaka wa 1968, daktari wa akili James Comer wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianza kazi katika shule mbili za msingi mjini New Haven, jimbo la Connecticut. Wanafunzi wengi walikuwa Waamerika Weusi kutoka familia maskini. Alama zao zilikuwa duni, utoro ulikithiri na walimu walikuwa wamekata tamaa.

Comer hakuanza na vitabu. Aliwaleta pamoja walimu, wazazi na washauri wa watoto ili waiendeshe shule kwa ushirikiano, wakizingatia kanuni kwamba tatizo litatuliwe bila kutafuta wa kulaumiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hujifunza kutoka kwa mtu anayemwamini, na kwamba tabia mbaya aghalabu ni dalili ya stadi ambazo mtoto hajapata bado. Kufikia mapema miaka ya 1980, matokeo ya shule hizo yalikuwa yameimarika pakubwa na visa vya utovu wa nidhamu vimepungua.

Baadaye, katika mji uo huo, wataalamu Roger Weissberg na Timothy Shriver walisaidia kuandaa mafunzo ya aina hii kwa madarasa yote ya shule za umma. Mwaka wa 1994 iliasisiwa taasisi ya CASEL, ambayo hadi leo ndiyo rejeleo kuu katika uwanja huu. Kitabu cha mwanahabari Daniel Goleman kuhusu akili ya hisia, kilichotoka mwaka wa 1995, kiliieneza fikra hiyo duniani.

CASEL huyagawa mafunzo haya katika nyanja tano: kujitambua, kujidhibiti, kuwaelewa wengine, kujenga uhusiano mwema na kufanya uamuzi unaofaa.

Taa tatu ukutani

Darasani, mambo haya hufanywa kwa njia nyepesi. Mfano maarufu wa New Haven ni bango la taa za barabarani.

Taa nyekundu humwambia mtoto asimame, atulie na afikiri kabla ya kutenda. Ya manjano humtaka aeleze tatizo na anavyohisi, aweke lengo jema, abuni suluhu kadhaa na kupima matokeo ya kila moja. Ya kijani humruhusu kujaribu suluhu aliyoiona bora.

Kwa watoto wadogo zaidi, hutumiwa hadithi ya kobe. Mtoto aliyekasirika hujikunyata kama kobe aliyeingia gambani, hupumua polepole, kisha husema kinachomsumbua. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi watoto wakiwa watulivu, ili liwe mazoea siku ugomvi utakapozuka. Hasira hasara, wahenga walisema. Mafunzo haya humwonyesha mtoto namna ya kuikwepa hasara yenyewe.

Ushahidi

Mwaka wa 2011, watafiti wakiongozwa na Joseph Durlak walichapisha uchanganuzi wa miradi 213 iliyohusisha wanafunzi 270,034, kuanzia chekechea hadi sekondari. Waliopata mafunzo waliimarika kitabia na pia kimasomo: mwanafunzi aliyekuwa katikati ya orodha ya wenzake 100 angepanda takriban nafasi 11.

Matokeo hayo yanafaa kusomwa kwa tahadhari, maadamu Weissberg, mmoja wa waasisi wa CASEL, alikuwa miongoni mwa waandishi. Hata hivyo, yalibainisha jambo muhimu: alama za masomo zilipanda pale tu mafunzo yalipotolewa na wahudumu wa shule yenyewe, wala si wageni waliokuja na kuondoka. Kadhalika, miradi iliyofaulu ilikuwa na hatua zinazofuatana, mazoezi ya vitendo na muda maalumu.

Uingereza ilipata funzo kama hilo. Serikali ilianzisha mpango wa SEAL katika shule za msingi mwaka wa 2005, kisha ikaupeleka katika sekondari. Tathmini ya shule za sekondari iliyotolewa mwaka wa 2010 haikuona tofauti ya maana kati ya shule zilizoufuata na ambazo hazikuufuata. Kila shule ilikuwa imeutekeleza kwa namna yake.

Hali nchini

Kenya si ngeni kwa fikra hii. Baada ya ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007, elimu ya amani iliingizwa shuleni. Somo la stadi za maisha nalo lilianzishwa katika kipindi hicho, lakini kwa kuwa halikutahiniwa katika KCPE, shule nyingi zilitumia vipindi vyake kufundishia masomo ya mtihani.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeyasuka mambo haya ndani ya masomo yote. Mawasiliano na ushirikiano, kujiamini na utatuzi wa matatizo ni miongoni mwa umilisi wake wa kimsingi, huku upendo, heshima na uwajibikaji vikiwa baadhi ya maadili yake.

Hata hivyo, jambo lililosukwa ndani ya kila somo huweza pia kupotelea humo. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 au zaidi, ambaye hajaonyeshwa namna ya kuwapatanisha watoto wawili bila fimbo, hawezi kuifanya kazi hiyo kwa kusoma orodha ya maadili.

Bango la taa tatu halihitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni mwalimu aliyefunzwa kulitumia, dakika chache zisizoibwa na hesabu, na mzazi anayeendeleza nyumbani yaliyoanzishwa shuleni. Samaki hukunjwa angali mbichi, na wale wawili wanaogombania penseli leo ndio watakaogombania shamba, kazi na kura kesho.