Sandarusi Ilikwenda, Vanishi Ikaja

Seremala akikuuliza kiti chako kipakwe nini, atataja rangi au vanishi. Rangi, neno lenye asili ya Kiajemi, hufunika mbao kabisa. Ile nyepesi hupenya ndani na kuacha mistari yake ionekane. Vanishi haifichi kitu. Jina hili tumelikopa Kiingereza. Lakini hebu tazama: katika karne ya 19, sandarusi, utomvu mkavu uliochimbwa ardhini pwani ya Mrima, ilisafirishwa kupitia Unguja hadi Salem, Marekani, ili itengenezewe vanishi. Mali ghafi iliondoka na jina letu. Bidhaa ikaja na jina la wenye viwanda. Basi wanaolalamika kwamba Kiswahili kinakopa mno, waulize kwanza viwanda vilikuwa wapi.