Mbacha Wetu na Msala Upitao: Khabari za Mazulia, Nguo na Wafuaji Wake

Jamaa na ndugu zangu mlioko Maskati, Dubai, London na kwengineko,

Wazee wetu walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Siku zangu za kusomesha hapa Maskati, watoto wa jamaa zetu wakinijibu methali hii barabara kabisa, lakini nikiwauliza mbacha ni kitu gani, kimya. Methali wanaijua, mbacha wenyewe hawaujui. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa, na msala ni mkeka wa kusalia. Basi mwaka huu nimeona niandike khabari za matandiko na nguo za nyumbani kwetu, na namna zilivyotunzwa, kabla hatujabakiwa na methali tupu.

Majina ya vitu hivi peke yake ni somo la tarikh. Zulia ndilo lile lile zuliyya la watu wa Ghuba. Busati na sabuni ni Kiarabu. Leso imetoka kwa Wareno, na dobi kwa Wahindi. Mkeka ni wetu, wa ukindu wa mwituni, uliosukwa na mama zetu kwa ukili mmoja mmoja.

Mazulia yakija Unguja na majahazi ya Ghuba kwa pepo za kaskazi, baina ya Disemba na Machi, pamoja na tende, chumvi na samaki wakavu. Ikishika kusi, majahazi yakirejea na boriti za mikoko na karafuu. Zulia la Kiajemi ni sufi ya kondoo iliyofungwa fundo moja moja, na rangi zake za asili zilitoka katika mimea: nili kwa buluu, na mizizi ya fuwwa kwa nyekundu. Huko Uajemi kuosha zulia ni kazi ya mafundi. Chemchemi ya Cheshmeh-Ali, katika mji wa Rey karibu na Tehran, ilikuwa mashuhuri kwa kuoshea mazulia na kuyaanika mwambani. Na Mashhad-e Ardehal, karibu na Kashan, kila mwaka watu hufanya ada ya kuosha zulia kwa kumkumbuka Sultan Ali, mtoto wa Imam Muhammad al-Baqir. Ada hiyo imeingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2012.

Kwetu, zulia halikuoshwa ovyo. Lilitolewa uani, likapinduliwa, likapigwa kwa upongoo wa mnazi mpaka vumbi liishe, kisha likafagiwa kwa kufuata manyoya yanakolalia. Kuvua viatu mlangoni ni adabu, lakini pia ni hifadhi, kwani mchanga ukizama ndani ya zulia huzikata nyuzi chini kwa chini kama msumeno.

Nguo nazo zilikuwa na mambo yake. Baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani mwaka 1833, nguo ya pamba isiyopaushwa kutoka Massachusetts ilienea pwani nzima hata ikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, viliikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Merikani iliyochovywa nili ndiyo kaniki. Baadaye zikaja leso za kuunganisha, kisha kanga. Kaderdina Hajee Essak alifungua duka lake Mombasa mwaka 1887, na alama ya duka hilo bado inaonekana katika kanga mpaka leo.

Kanga na kanzu ni pamba, na pamba hustahamili sabuni, jua na kupigwa juu ya jiwe. Kanzu ilitiwa buluu katika maji ya mwisho ili umanjano ufichike, ikatiwa wanga wa muhogo, ikapigwa pasi ya makaa. Kisha nguo zikafukizwa udi kwa chetezo na kuwekwa kandukani pamoja na karafuu na asumini kavu.

Lakini nani aliyefua? Hapa tusifichane. Kabla ya mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja, kufua katika nyumba za wenye mali ilikuwa kazi ya watumwa. Wengi wa wanawake waliopata uhuru waliivua kaniki, iliyokuwa vazi la utumwa, wakajifunga kanga. Kazi ya kufua ikabaki kwa wadobi wa Kihindi na kwa wanawake wa mtaani waliolipwa senti. Nyumbani kwetu akija mama mmoja kila Jumatatu. Yeye ndiye aliyejua zulia lipi linatoa rangi na lipi halitoi. Mimi najua zulia letu lilinunuliwa kwa nani na kwa shilingi ngapi, lakini jina la mama yule silijui. Sisi watoto tulimwita "Mama Mfuaji" tu, na hakuna mkubwa aliyetusahihisha.

Ujinga huo niliulipia. Tulipohamia Maskati katika miaka ya sabini, mama yangu alilibeba zulia lile dogo, akaacha vitu vya thamani kubwa zaidi. Miaka ya themanini, nikiwa mwalimu kijana mwenye haraka, nililipeleka kwa mfuaji mmoja wa mjini nikamwambia, "Nataka liwe jeupe kama jipya." Naye akafanya nilivyomwambia. Lilirudi na baka jeupe ubavuni, nyekundu imechuruzika juu ya nyeupe, na kingo zimefumuka. Dawa ya klorini inayong'arisha kanzu huila sufi. Mama hakunigombeza. Aliligeuza tu, upande wenye baka ukaingia chini ya kabati, ili wageni wasiulize. Lilikaa hivyo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Basi nawaachia haya machache. Sufi na hariri zisitiwe klorini, soda wala maji ya moto. Jaribuni kwanza pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na kikishika rangi, mpelekeeni fundi anayejua. Mdudu wa nondo hula sufi na hariri, na hupenda giza na utulivu, khasa chini ya makochi ya London. Zungusheni mazulia na kuyasafisha pande zote mbili. Lililoingiwa na wadudu, likiwa dogo, lifungwe ndani ya mfuko na kuwekwa katika friza, nyuzijoto 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Kanga haziliwi na nondo; adui yake ni unyevu na koga, basi zikauke kabisa kabla ya kukunjwa.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Wazee waliobaki waulizeni leo: zulia hili lilikuja vipi, na nani aliyelifua? Mkilipata jina, liandikeni kwa wino juu ya kitambaa cheupe, mkishone nyuma ya zulia. Nami natafuta jina la Mama Mfuaji wa kwetu. Kati ya wasomaji wa kitabu hiki huenda yuko mmoja aliyekuwa jirani yetu na anamkumbuka. Akinandikia, zulia lipo, na mahali pa kulishona jina lake nimekwisha kupatayarisha.