Kanuni ya Mchezo Ndiyo Mwalimu: Muziki wa Watoto Wadogo Handeni na Korogwe

Katika madarasa mengi ya awali, wimbo hupewa kazi mbili: kutuliza kelele na kukaririsha herufi na namba. Mtaala wa Elimu ya Awali wa Tanzania wa mwaka 2016 uliweka nafasi pana zaidi, kwani kati ya umahiri wake mkuu sita, mmoja ulikuwa kumudu stadi za kisanii. Lakini umahiri huo ukifika darasani mara nyingi hugeuka kijakazi wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu): watoto huimba ili wahesabu, si ili wajue kuimba. Hoja ya makala haya ni kwamba kinachomfundisha mtoto mdogo muziki ni kanuni ya mchezo. Mwalimu anayenyofoa wimbo mchezoni na kuiacha kanuni amepoteza somo lenyewe.

Tuanze na mchezo wa nyama. Kiongozi hutaja wanyama mmoja baada ya mwingine kwa mapigo yaliyo sawa. Akitaja anayeliwa, wote huruka na kuitikia. Akitaja asiyeliwa, wote hutulia. Anayeruka pasipofaa hutoka. Akitajwa nguruwe, katika mkoa wenye Waislamu wengi kama Tanga, ubishi huzuka na watoto hukubaliana upya kabla ya kuendelea. Kimuziki, hapo pana mambo matatu: pigo la kudumu, wito na kiitikio, na kituo, yaani kimya chenye urefu wake kamili. Kituo ndicho kigumu zaidi. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuelezwa ubaoni namna ya kukishikilia kimya kwa pigo moja. Hujifunza kwa sababu akikosea anatoka. Mdako, mchezo wa vijiwe, nao una kipimo chake: kete ikirushwa juu, mkono uzoe vijiwe na kuidaka kabla haijaanguka. Anayeingia kwenye kamba inayozungushwa lazima asome mzunguko wake kabla ya kuinua mguu. Kote huko kosa hujulikana papo hapo, bila mwalimu kunyoosha kidole.

Handeni na Korogwe, wilaya mbili za mkoa wa Tanga, zinaipa hoja hii uzito wa pekee kwa sababu ya lugha na historia. Kizigua na Kishambaa, zinazosemwa huko, ni lugha za toni, Kiswahili sivyo. Wanaisimu Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth wameonyesha kuwa katika Kizigua toni ya juu ya silabi moja inaweza kuhama na kusikika mbele, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mtoto anayekua na lugha hiyo anaingia shuleni akiwa amezoea kusikiliza kimo cha sauti ndani ya neno. Sikio hilo ni mtaji wa muziki, nao hulala bure pale nyimbo zote za darasani zinapokuwa zilezile za kila mkoa. Korogwe, kwa upande wake, ilifikiwa na reli ya Tanga mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakavuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka pande nyingi za nchi, kila kundi na ngoma zake. Kwa hiyo kutafuta utamaduni mmoja halisi wa kufundisha ni kazi bure. Watoto wa asili tofauti huunganishwa na kanuni wanayoikubali wote, hata kama kila mmoja ametoka kwao na mwendo wake.

Hoja hii haipingani na nadharia kubwa za elimu ya muziki. Mtunzi na mwalimu wa muziki Zoltán Kodály alisisitiza kwamba mtoto wa Hungaria aanze na nyimbo na michezo ya kwao. Kuzileta nyimbo za Hungaria Handeni ni kuvunja kanuni yake mwenyewe. Mwanaanthropolojia wa muziki John Blacking, katika utafiti wake juu ya nyimbo za watoto wa Kivenda wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1967, alionyesha kuwa nyimbo hizo zina uhusiano wa ndani na ngoma kuu ya watu wazima, na kwamba watoto hawaanzi lazima na zilizo rahisi bali na zile wanazozisikia mara nyingi. Hapa nchini, mtafiti Kedmon Mapana ameandika juu ya watoto wa Kigogo na pengo lililopo kati ya muziki wa nyumbani na wa shuleni.

Wapo watakaosema kuwa darasa lina watoto wengi na hakuna ala. Lakini michezo hii ilizaliwa katika umati na haihitaji ala. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni ya kutolewa humwondoa mapema yule anayehitaji mazoezi kuliko wote. Hapo ndipo utaalamu wa mwalimu unapohitajika: anayetoka asikae pembeni, apewe kupiga makofi ya kushikilia pigo au awe mwamuzi. Kanuni inabaki na adhabu inageuka kazi nyingine ya muziki. Na mwalimu aliyepangiwa mahali asipopajua, asiyesema Kizigua wala Kishambaa, awaachie watoto waongoze michezo ya nyumbani, au amwalike bibi mmoja wa kijijini.

Upimaji nao ubadilike. Kumuuliza mtoto amekariri beti ngapi ni kupima kumbukumbu tu. Swali la muziki ni hili: akiongoza yeye mchezo, je, wenzake wanaweza kulishika pigo lake?