Motokaa Iliyowafanya Wakulima Mafundi

Msomaji wangu, bila shaka umepata kuona motokaa iliyokwama kando ya barabara, boneti imeinuliwa, na mwenyewe amesimama mbele yake mikono kiunoni, akichungulia ndani kama mtu achunguliaye kisima kirefu. Gari ni lake, na fedha zilizolinunua ni zake. Walakini hajui lililomo. Hana budi kumngoja fundi, na fundi akitaja ubovu wowote na bei yoyote, hana budi kukubali. Je, mtu huyu analimiliki gari lake kweli? Liweke swali hilo moyoni, nami nitakusimulia habari za motokaa moja ya zamani na watu walioitumia. Tukifika mwisho tutaona wao wangalijibuje.

Habari hizi zaanzia Marekani. Mwaka 1863, katika shamba lililokuwa karibu na Dearborn, jimbo la Michigan, alizaliwa mtoto aliyeitwa Henry Ford. Baba yake alikuwa mkulima, lakini jembe halikumpendeza kijana huyu. Alipenda mitambo, na tangu ujana wake alizoea kufungua saa, kutazama magurudumu yake madogo, kisha kuzirudisha zikatembea. Mwaka 1903 alianzisha kampuni ya kuunda magari katika mji wa Detroit, na mwezi wa Oktoba 1908 kampuni hiyo ikatoa gari lililoitwa Model T.

Siku zile motokaa ilikuwa chombo cha matajiri. Mkulima aliyekutana nayo njiani alishika hatamu za farasi wake asije akashtuka, kisha akafuta vumbi usoni. Ford alitaka kuunda gari ambalo mkulima yule angeweza kulinunua. Kwanza bei yake ilikuwa dola 850, nazo hazikuwa chache. Lakini mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, ilianza kazi ya namna mpya: gari lilivutwa polepole mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja akatia kitu chake kimoja tu. Kuunganisha chesisi moja, kazi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, sasa kulichukua kama saa moja na nusu. Bei ikashuka, na kufikia 1925 gari la namna iliyo rahisi kuliko zote liliuzwa kwa dola 260. Lilipokoma kuundwa mwaka 1927, magari yapatayo milioni 15 yalikuwa yamekwisha kutoka kiwandani.

Basi mkulima akapata motokaa. Lakini kununua ni jambo moja na kutunza ni jingine. Shamba lake lilikuwa mbali na mji, njia ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha magurudumu yalizama katika matope. Gari likiharibika, nani angemsaidia? Ilimbidi ajisaidie mwenyewe. Bahati njema, alikuwa mtu wa mikono. Alikuwa amezoea kurekebisha plau na mashine zake za kuvunia, na ghalani mwake hamkukosekana nyundo, koleo, tupa na waya.

Na gari lenyewe halikumficha siri zake. Injini yake ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 20, nayo ilikuwa wazi mbele ya macho. Kichwa cha silinda kiliweza kufunguliwa kwa spana, na mwenyewe akakwangua masizi ndani. Petroli haikuhitaji pampu: tangi liliwekwa chini ya kiti cha dereva, na petroli ikateremka yenyewe kwa uzito wake. Maji ya kupoza injini nayo yalizunguka bila pampu katika magari karibu yote, kwa kuwa maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Wewe uliyesoma sayansi darasani wajua sheria hiyo. Mkulima yule aliisoma kwenye rejeta yake.

Usidhani kwamba gari hili lilikuwa pole kama kondoo. Lilikuwa na inda zake, na aliyelitaka alipaswa kuzijua. Ili kuliwasha, ulisimama mbele yake ukazungusha mpini wa chuma. Kama ulisahau kwanza kuirudisha nyuma saa ya cheche, injini iliweza kupiga kinyume, na mpini ukakuvunja mkono. Kwa hiyo wazee walimfundisha kijana kuvuta kwa mkono wa kushoto, bila kuukumbatia mpini kwa dole gumba. Asubuhi ya baridi kali mafuta yaliganda katika gia, hata gari likataka kumwendea mtu aliyekuwa akiliwasha; ndipo wenye busara wakaliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuzungusha mpini.

Mlima nao ulikuwa na mafunzo yake. Kwa kuwa petroli ilishuka kwa uzito wake tu, palipokuwa na mwinuko mkali na tangi likiwa karibu tupu, injini iliyo mbele ilikuwa juu kuliko tangi, nayo ikakosa petroli. Dereva alifanya nini? Aligeuza gari akapanda mlima kinyumenyume! Mtu asiyejua angecheka. Aliyejua mahali tangi lilipo na injini ilipo hakuona kichekesho.

Sasa tutazame matengenezo yenyewe. Miguuni pa dereva palikuwa na kanyagio tatu: ya gia za kwendea mbele, ya kurudi nyuma, na ya breki. Kila moja ilikaza ukanda uliolizunguka pipa la chuma ndani ya gia, na kanda hizo zilivikwa kitambaa cha pamba kilicholika kwa kutumiwa. Kubadili kitambaa hicho ilikuwa kazi ya mwenyewe: alifungua kifuniko, akatoa ukanda, akauvika kitambaa kipya, akaurudisha. Kama breki ilimchokea njiani, alikanyaga ile ya kurudi nyuma na gari likasimama. Gari halikuwa na saa ya kupimia petroli, basi akachovya kijiti ndani ya tangi. Kujua mafuta ya injini yamebaki kiasi gani, alilala chali chini ya gari akafungua kibomba kidogo. Rejeta ikivuja mbali na mji, wengine walimimina ute wa yai ndani ya maji, nao ukaiva kwa moto na kuziba tundu. Si dawa ya kudumu, lakini ilimfikisha mtu nyumbani.

Kampuni nayo ilisaidia, kwa kuwa vipuri vya gari moja vililingana na vya jingine, navyo viliuzwa kwa bei nafuu. Pamoja na gari mnunuzi alipewa kitabu kilichoandikwa kwa maswali na majibu, mfano wa mwalimu na mwanafunzi, ili aelewe kila kiungo na kazi yake. Maduka ya kuagizia kwa posta, kama Sears, Roebuck, yaliuza vifaa vingi vya kuongeza, na mkulima akavifunga mwenyewe.

Baada ya kujua kutengeneza, watu walianza kubadili. Hapa ndipo habari hizi zinapofikia utamu wake. Mkulima aliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, akavisha ukanda wa mashine, akawasha injini. Na gari lililompeleka kanisani Jumapili likakata kuni Jumatatu, likasaga mahindi Jumanne na kupandisha maji Jumatano. Palikuwa na vifaa vya kuligeuza gari liwe trakta, lenye magurudumu makubwa ya chuma nyuma, hata kabla kampuni ya Ford haijaanza kuuza trakta yake, Fordson, mwaka 1917. Mwaka huohuo, mtu mmoja wa jimbo la New Hampshire, Virgil White, alipata hati ya uvumbuzi wake: alitia mbao za kuteleza mahali pa magurudumu ya mbele, na nyuma akafunga mikanda ya chuma, gari likapita juu ya theluji. Waganga na wapeleka barua waliokuwa wakifungiwa na baridi sasa waliweza kuwafikia watu.

Magari hayo yalifika hata Kenya. Hapa mengi yalivikwa nyuma mwili wa mbao, mfano wa sanduku, ili yachukue watu na mizigo. Chesisi ilitoka ng'ambo, na mwili ukaundwa kulingana na haja za mahali.

Ningekuwa nakudanganya kama ningesema kwamba kila badiliko lilikuwa jema. Injini iliyotumikishwa shambani kuliko kiasi chake ilichakaa upesi. Mkono uliovunjwa na mpini uliuma, hata kama mwenyewe alijifunza. Na kitu kilichofungwa kwa waya bila maarifa chaweza kuua mtu barabarani. Ufundi wataka ujasiri, na zaidi wataka uangalifu.

Tena liko jambo moja ambalo halina budi kutufikirisha. Yule mkulima wa shambani alilijua gari zima, kutoka rejeta hata gurudumu la nyuma. Lakini mfanyakazi wa Highland Park, aliyeliunda gari hilohilo, alikaza nati moja kutwa, kesho nati ileile. Watu wengi waliichoka kazi hiyo wakaiacha, na mwaka 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, uliokuwa mkubwa ajabu wakati ule, apate kuwashika. Basi gari moja lilimwongezea mtu huyu maarifa, na kumpunguzia yule. Chuma kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa katika hili tu: nani aliruhusiwa kukielewa chote, na nani hakuruhusiwa.

Sasa turudi kwa yule mtu tuliyemwacha kando ya barabara. Magari ya siku hizi ni salama zaidi na yana mwendo zaidi, lakini mengi yaendeshwa na kompyuta, na habari za ndani yake mara nyingi hushikwa na waliolitengeneza. Mwaka 2012, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts huko Marekani waliunga mkono sheria inayowataka watengenezaji wa magari kuwapa wenye magari na mafundi wa nje habari zilezile wanazowapa mafundi wao. Waona basi kwamba swali letu halijazeeka. Mkulima wa Model T angalijibu hivi: chako ni kile unachoweza kukifungua, ukakielewa, ukakirudisha.

Nasi katika Kenya tunao walimu wa somo hilo. Pita penye mafundi wa jua kali utamwona kijana ambaye pengine hakumaliza shule, akichukua kipuri cha gari moja na kukichonga kwa tupa hata kikae katika jingine. Usimpite kwa dharau eti nguo zake zina mafuta. Simama kidogo, umwamkie, umwulize anafanya nini na kwa nini. Kuuliza si ujinga. Ukirudi nyumbani, chukua baiskeli ya babako au taa iliyokufa, kwa ruhusa yake, uifungue. Vipange viungo vyake juu ya gazeti kwa utaratibu ulivyovitoa, usipoteze hata skrubu moja. Pengine mara ya kwanza haitapona. Lakini utakuwa umeona lililomo, na siku nyingine hutasimama mikono kiunoni.