UKISHAUGUA DENGUE, MWILI WAKO UNAKUMBUKA NINI?

Kuna swali ambalo vijana wa Dar na Mombasa wanauliza kila mvua zikinyesha na mbu wakiongezeka: "Mimi dengue nilishaugua, si nina kinga tayari?" Jibu fupi ni kwamba kinga unayo, lakini ni ya upande mmoja tu, na upande wa pili unaweza kukugeuka. Mimi si dokta, nimemaliza sekondari na naandika kwa kujitegemea, ila hili nimelisoma sana maana kuna watu wanatembea na imani ambayo inaweza kuwaua. Twende taratibu.

DENGUE NI NINI

Dengue, au kidingapopo kwa Kiswahili chetu, ni homa ya virusi. Inaletwa na mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Virusi vyake viko vya aina 4, navyo vinaitwa kwa namba tu: aina ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4. Zishike hizo namba, habari yote imo humo.

Jambo jingine: kati ya watu 4 wanaoambukizwa, karibu 3 hawaumwi kiasi cha kujua. Kwa hiyo mtu mzima, mzima wa afya, anabeba zege kila siku, anaweza kuwa alishaambukizwa zamani na mwili wake unakumbuka, ila yeye mwenyewe hana habari.

MWILI UNAKUMBUKAJE

Surua ukiugua mara moja, basi. Malaria unaweza kuugua leo na mwakani tena. Dengue iko katikati. Ukiugua aina ya 1, unapata kinga ya miaka mingi, kwa kawaida ya maisha, lakini dhidi ya aina ya 1 tu. Dhidi ya zile 3 nyingine unapata nafuu ya muda mfupi. Hili lilionekana kwenye majaribio ya Dk. Albert Sabin wa Marekani miaka ya 1940. Watu waliojitolea waliambukizwa aina moja, kisha wakaambukizwa tena. Aina ileile haikuwapata hata baada ya miezi 18, lakini kinga kamili dhidi ya aina nyingine ilidumu kama miezi 2 hivi.

Kumbukumbu yenyewe inatunzwa na seli za damu. Ziko zinazotengeneza kingamwili, ambazo ni kama pingu za kumfunga mdudu. Nyingine zinajificha ndani ya uboho wa mifupa na kuendelea kutengeneza pingu hizo miaka na miaka. Halafu ziko seli T, zinazoua seli ambazo virusi vimeshaingia. Watafiti walichunguza damu ya watu wazima wenye afya waliojitolea damu Colombo, Sri Lanka, nchi ambayo dengue ni ya kila mwaka. Mwaka 2013 walitangaza kwamba seli T zilizokumbuka vizuri na kujibu kwa nguvu ziliendana na kulindwa dhidi ya ugonjwa mkali. Kwa hiyo kumbukumbu ni kitu kizuri jamani, tusiisingizie yote.

PALE INAPOGEUKA

Sasa tuseme uliugua aina ya 1, halafu miaka inapita, unaumwa na mbu mwenye aina ya 2. Kingamwili za zamani zinamwona mgeni anafanana na yule wa kwanza, zinamkamata, lakini pingu hazimtoshi. Matokeo yake, badala ya kumfunga zinamshika mkono na kumpitisha getini, ndani ya seli zilezile ambazo virusi hivi vinapenda kuzaliana. Dk. Scott Halstead ndiye aliyeeleza jambo hili tangu miaka ya 1960 na 1970. Ndiyo maana maambukizi ya pili, ya aina tofauti, ndiyo yenye hatari kubwa ya dengue kali.

KISA CHA CUBA

Mwaka 1977 aina ya 1 ilienea Cuba. Mwaka 1981 ikaja aina ya 2: waliougua walizidi 340,000, wakafa 158, na 101 kati yao walikuwa watoto. Baada ya hapo wakapambana na mbu mpaka ugonjwa ukatulia miaka mingi.

Mwaka 1997 aina ya 2 ikarudi, ikapiga mji wa Santiago de Cuba. Wakafa watu 12, wote watu wazima. Karibu wote waliozidiwa walikuwa wameshapata ile aina ya 1 miaka 20 nyuma! Watoto waliozaliwa baada ya 1981 hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya dengue, na hao hawakupata ile hali mbaya. Dk. María Guzmán na wenzake wa Havana walipolinganisha, waliona pengo la miaka 20 lilileta ugonjwa mkali zaidi kuliko lile la miaka 4.

HUKU KWETU JE?

Mwaka 2010 wasafiri wa Ulaya waliotoka Zanzibar walikutwa na aina ya 3. Mombasa mwaka 2013 zilikutwa aina ya 1, 2 na 3. Dar mwaka 2014 ilikuwa aina ya 2, na mwaka 2019 Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 6,000. Maana yake pwani yetu imeshapitiwa na zaidi ya aina moja. Wewe uliyeugua 2014 na kupona usitambe mtaani.

UFANYE NINI

1. Ukipimwa ukakutwa nayo, tunza cheti cha majibu. Siku ukiumwa tena mwambie daktari mapema kwamba hii si mara ya kwanza.

2. Homa ikiwa ya dengue, au ukiishuku, tumia panadol kwa kipimo chake na unywe maji mengi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki achana nazo, zinaongeza hatari ya kutoka damu.

3. Homa ikishuka usikimbilie kusema umepona. Dengue kali huanza hasa pale homa inaposhuka, siku ya 3 mpaka ya 7. Ukiona tumbo linauma sana, unatapika mfululizo, fizi au pua zinatoka damu, kinyesi cheusi, unahema haraka au umelegea kupita kiasi, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kesho.

4. Mwaga maji kwenye ndoo, makopo na matairi ya zamani. Mbu huyu anazaliana uani kwako.

Wewe au mtu wa nyumbani kwenu mmewahi kuugua mara 2? Ya pili ilikuwaje? Tupe maoni hapo chini, mwenzako anaweza kujifunza kitu.